Petroli Nyekundu ya Mpimaji

Mtu huyu ninayemsema ulimjua kwa harufu kabla hujamwona sura. Ukishuka Katonga, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, asubuhi harufu ya kwanza ni dagaa, hiyo haina mwenyewe, ni ya wote. Ya pili ni moshi wa wanaochoma mihogo. Ya tatu, kali, ya kukwaruza koo, hiyo ilikuwa yake. Ukiifuata unamkuta ameketi juu ya dumu tupu kando ya mapipa yake mawili, gunia bichi limefunika vifuniko jua lisiyachemshe, mpira wa kunyonyea mafuta umening'inia shingoni. Sisi tulimwita Mpimaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, nami nalijua, lakini mwenyewe alisema jina ni la kuitwa na mama, na mama yake alikwisha kufa, basi tumwite kazi yake.

Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuvuta nyavu, kwa hiyo nikisema jambo la petroli mjue nimelisikia kwake, au limenifundisha lenyewe, mashine ikigoma katikati ya maji. Nimekuwa nahodha wa boti la mizigo umri wangu wote wa kazi. Nimebeba mawese, dagaa, kahawa ya Kalinzi, mbuzi, maiti, na magodoro. Magodoro ndiyo yaliyonichosha. Magodoro ya wakimbizi wanaokuja, magodoro ya wakimbizi wanaorudi, na miaka ikipita, magodoro yale yale nadhani, yanakuja tena. Wenzetu wa mbali wanaisema miaka ya wakimbizi kana kwamba ilikuwa miaka fulani ikapita. Kwetu huku ni kama mvua za masika. Inakatika, unaanika nguo, hazijakauka inarudi.

Yeye mwenyewe alikuja na mojawapo ya mvua hizo, mtoto mdogo, kutoka ng'ambo ya kaskazini, Burundi. Mpaka mwisho Kiswahili chake kilikuwa na "ego" na "oya" ndani yake, ndiyo na hapana za kwao. Sisi Waha hatukuziona geni, maana kwetu ni karibu hivyo hivyo.

Nianze na mikono. Mikono ya Mpimaji ilitetemeka. Siyo sana, ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka. Lakini akishika kopo la kupimia ilitulia. Nimemtazama mara nyingi, sijaelewa. Atamwaga chai, atashindwa kufunga kifungo cha shati, ila petroli haikudondoka tone. Kazi yake yote aliifanya kwa mdomo na mkono. Aliutia mpira ndani ya pipa, akanyonya, petroli ikaja, akaitema pembeni, akauelekeza mpira kwenye dumu la mteja. Kisha akatafuna muhogo mbichi kuondoa ladha, au akanywa maziwa kama siku ilikuwa nzuri. Alifanya hivyo kila siku ya kazi, siku nenda rudi, na nadhani ndiyo sababu hata chakula alikuwa hakijui ladha. Ukimpa migebuka iliyoungwa kwa mawese, mpishi amejitahidi, yeye anasema, "Kina chumvi?"

Sigara hakuvuta, si mwendawazimu. Alinusa ugoro. Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, jirani yake pale mwaloni, mdomo wake mkali kuliko kisu cha kuparulia samaki, alikuwa akimtania.

"Mpimaji, wewe ukioa mkeo atapikaje? Akiwasha kijinga cha moto tu nyumba nzima juu."

"Ndiyo maana sijaoa, mama. Nangoja asiyepika."

"Ngoja, ngoja. Utamwoa malaika wa kaburini."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini neno hilo la kungoja mliweke akilini, nitalirudia.

Katika pipa moja alikuwa na petroli ya kawaida, katika la pili super. Mimi na wenzangu tuliamini super ni kali, ina moto zaidi, na bei yake ilitushawishi hivyo. Siku moja akaja kijana ana mashine ndogo ya boti, mpya, anajivuna.

"Mzee, nipe ile kali."

"Hakuna kali hapa. Kuna yenye haraka na yenye subira. Unataka ipi?"

Kijana akadhani anatukanwa. Mpimaji akamkalisha. Akamwambia hivi, nami nilikuwa nimeegemea pipa nikisikiliza: ndani ya mashine petroli inachanganywa na hewa, halafu pistoni inaibana, inaibana, ndipo plagi inatoa cheche nayo inalipuka. Petroli ya kawaida ikibanwa sana haivumilii. Inalipuka yenyewe kabla ya kuambiwa. Ndiyo unasikia mashine inagonga, ngo-ngo-ngo, kama mtu anayetaka kutoka ndani ya sanduku. Super inavumilia kubanwa. Inangoja cheche ndipo iwake.

"Basi si nguvu," akasema. "Ni subira. Mashine yako haibani sana, wewe utaipeleka wapi subira yote hiyo?"

Kijana akafikiri, akasema, "Nipe super."

Akampimia. Alipoondoka nikamwuliza mbona hakumkatalia. Akasema mtu akitaka kununua subira muuzie, huenda akajifunza.

Na kupima ubora hakuwa na chombo. Alidondosha tone mgongoni mwa kiganja akapuliza. Petroli safi inaondoka na kuacha ubaridi. Iliyotiwa mafuta ya taa inaacha utelezi, inakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Nilimwona akirudisha pipa zima kwa aliyemletea, wakati ambapo mjini petroli ilikuwa ya kugombaniwa kwa sababu magari ya misaada ya wakimbizi yalikunywa yote. Yule mtu akamwambia, "Mzee, nani atajua?" Mpimaji akaonyesha ziwa kwa kidevu. "Hilo." Mashine ikizima nje huko upepo wa kusini umeamka, mafuta yaliyochanganywa hayana udhuru.

Sasa msidhani namchora malaika. Alikuwa mbishi, na alipokosea alikosea kwa nguvu zote. Nije kwenye risasi.

Petroli ile ya zamani tuliyozoea ilikuwa nyekundu, na ilitiwa risasi. Ndiyo, risasi hii hii tunayofunga kwenye nyavu zizame. Wenye viwanda waliipika kwa dawa zao mpaka ikayeyuka ndani ya petroli, ikaipa ile subira. Mpimaji aliiheshimu risasi kama watu wengine wanavyoheshimu hirizi. Alisema ndiyo inayolainisha mashine ndani, bila hiyo chuma kinakula chuma. Basi siku ikaja, dereva wa lori la mafuta akasimama pale mwaloni anakunywa chai, akasema risasi imekatazwa. Kuanzia shehena hii ni petroli isiyo na risasi.

"Wamekataza kwa nini?" Mpimaji akauliza.

"Sumu, Mzee. Inatoka na moshi, inakaa kwenye udongo, watoto wanaivuta, inawaharibu akili. Wakubwa inawala mishipa."

"Na mashine itavumilia vipi bila risasi?"

"Subira sasa wanaipika kwa njia nyingine huko huko kiwandani. Inavumilia vile vile. Magari ya zamani kabisa ndiyo walikuwa na wasiwasi nayo, vali zake. Mashine zenu hizi za boti, za kuchanganya oili, hazina hata hizo vali. Hazitajua tofauti."

Mpimaji akauliza taratibu, "Na aliyeinyonya kwa mdomo?"

Dereva akaitazama ile mikono. Nasi tukaitazama. Kikombe cha chai mkononi mwa Mpimaji kilikuwa kinagonga sahani yake, ti-ti-ti. Dereva akasema pole, Mzee. Mpimaji akaweka kikombe chini akamwambia, "Wewe endesha lori lako."

Hakukubali. Baadaye alikwenda hospitali kwa ajili ya kichwa, wakamwambia maneno yale yale ya dereva, akarudi akasema nao wamelishwa maneno na dereva. Akawa anaiuza petroli mpya kwa sababu hakuna nyingine, lakini kila anayempimia anampa na pole: "Haya chukua. Uji usio na chumvi huu." Wavuvi walipomsikia mwenye mafuta mwenyewe anaomboleza, wakaingiwa na hofu. Tukafanya kitu ambacho hakuna watu wengine duniani wangekifanya, kwa sababu hakuna wengine wenye risasi nyingi hivyo nyumbani. Tulizifungua risasi kwenye nyavu zetu, tukazitumbukiza ndani ya matangi ya petroli. Mimi pia nilitumbukiza. Tulisema tunairudishia kilichoibwa. Boti likipanda wimbi unazisikia ndani ya tangi, kolokolo, kolokolo, na unajisikia salama.

Hazikuyeyuka, bila shaka. Zilikaa chini kama mawe kwenye mtungi. Kisha risasi moja ndogo ikaenda kukaa penye tundu la mpira wa mafuta katika boti la jamaa mmoja wa kule Kibirizi, mashine ikazima, wakapiga makasia nusu ya siku wakirudi, viganja vimechubuka. Wakaja kwa Mpimaji na hasira, wakammwagia ile risasi miguuni.

Akaiokota akaitazama. "Mlitia kidogo," akasema.

Hata mwenye boti alicheka. Lakini nilimjua kwa miaka, nikaona masikio yake yameshuka. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya uji na chumvi. Hakukiri.

Sasa lile dumu.

Kabla petroli nyekundu haijaisha, Mpimaji alijaza dumu moja la mwisho, akalifunga kwa mpira na nta, akalipeleka kwenye chumba alichopanga mtaa wa Gungu, akalisukuma chini ya kitanda. Humo chumbani ilikuwamo pia mashine yake ya boti, ya zamani, imefunikwa kanga kama mgonjwa. Boti hakuwa nalo. Alisema boti ni mbao, utaazima kwa yeyote, mashine ndiyo safari. Na mashine ile, alisema, haili kitu ila nyekundu.

"Dumu hili ni la safari," aliniambia. "Ni la mushiki wanje." Maana yake dada yangu, kwa lugha yao.

Habari ya dada alinipa siku moja tu, tumekwama chini ya turubai kwa mvua, na sikumwomba. Siku waliyokimbia, dada huyo, mkubwa wake, alimbeba mgongoni mpaka majini, akamtia kwenye mtumbwi juu ya mapaja ya mama yao, akasema, "Narudi kumchukua bibi." Mtumbwi haukungoja. Hilo ndilo lote alilosema, kisha akaanza kulalamika kuwa turubai linavuja.

Nanyi mtadhani dada alipotea. Hakupotea! Hapo ndipo nilipokuwa nachoka naye. Dada alikuwa hai, yuko kijiji kile kile cha ng'ambo, amekaa kwenye shamba la wazazi kwa sababu ukiliacha shamba wengine wanalilima. Wafanyabiashara walimletea Mpimaji salamu zake. Mimi mwenyewe nimepeleka sabuni na chumvi na vitenge kwa huyo mama, mara nyingi, boti langu likienda kule kufuata mizigo. Mama mrefu, mweusi, anatembea kama anapima shamba. Anapokea mfuko, ananiuliza:

"Yeye ana miguu?"

"Anayo, mama."

"Inatembea?"

"Inatembea."

"Haya. Mwambie nimepata sabuni."

Nikirudi namwambia Mpimaji twende, nafasi ipo botini, hulipi, kesho nakwenda. Alikuwa na jibu kila mara. Kwanza ilikuwa vita, na vita ni jibu zuri, halina ubishi. Halafu mambo yakatulia, nikawabeba watu wengi na magodoro yao kwenda kwao, wanaimba, nikamwambia sasa je? Akasema anangoja aone kama utulivu utadumu. Ukadumu kidogo. Akasema mashine haijafanyiwa matengenezo. Akaifanyia. Akasema hawezi kwenda kwa dada yake kama mzigo kwenye boti la mtu, atakwenda kwa mashine yake mwenyewe, na petroli ya mashine yake ipo, imekaa, haina haraka.

Na ni yeye, sikilizeni, ni yeye mwenyewe aliyetufundisha sote kuwa petroli hailali. Mteja akitaka kununua nyingi aweke akiba alimgombeza. "Petroli ni kama dagaa mbichi! Ukiilaza inaoza. Nzuri inaruka juu, inabaki gundi, inakuzibia kabureta." Alimwambia kila mtu pale Katonga. Na kila mtu alilijua lile dumu chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kuna mambo mtu mzima huachiwa.

Basi mvua ikarudi. Upande wa pili mambo yakachafuka tena, watu wakavuka mpaka wakajaa Kagunga, ule ukanda mwembamba wa mchanga kati ya mlima na ziwa, hata pa kulala hapakuwa na upana. Meli ilikuwa ikienda kuwachukua, lakini walioko ni wengi na meli ni ile ile moja, na wenye nguvu ndio walioifikia kwanza. Maradhi ya kuhara yakaingia. Maboti yote yenye uzima yalikwenda kaskazini. Langu lilikuwa juu ya nchi kavu linazibwa nyufa, nami nimekaa natazama mafundi, nimechoka kabla ya kazi kuanza, maana nilijua ni magodoro tena.

Asubuhi hiyo akashuka mtu kutoka boti lililotoka huko, akaja moja kwa moja penye mapipa.

"Wewe ndiye unaitwa Mpimaji? Kuna mama yuko Kagunga anakuulizia. Mrefu. Anaharisha. Ameketi mchangani hawezi kuisogelea meli. Amesema nikuambie tu kwamba yeye miguu sasa hana."

Sijawahi kumwona mzee akikimbia vile. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona akaenda Gungu, akarudi na mashine imefungwa nyuma ya dereva na dumu amelipakata. Yule mama wa dagaa hakungoja kuombwa, alikuwa na mtumbwi mmoja wa mbao usio na mashine, akasema, "Chukua, Mzee, chukua," hata hakutania. Tukaifunga mashine. Akavunja nta kwa meno.

Nilikuwa karibu. Ile iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia, kama chai iliyokaa mno motoni, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya milango.

"Mzee, imeoza."

"Inanukaje?" akaniuliza.

Ndipo nilipojua. Pua yake ilikwisha kufa. Petroli na ugoro vilikwisha kuiua, sijui tangu lini, na yeye akaficha. Ile miaka yote alikuwa akipima kwa mkono tu.

"Inanuka kama rangi, Mzee. Usiitie."

Akaitia. Akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akavuta mpaka shati likalowa na mikono ikawa inaruka ovyo, na watu wakaanza kukusanyika, na kila mmoja wao alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha. Mwisho yule mama wa dagaa akaingia majini mpaka magotini, akamshika mkono ulioshika kamba.

"Mpimaji. Si wewe ulisema ni kama dagaa?"

Akaketi kwenye ubao wa mtumbwi. Nilifikiri atalia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei:

"Nilijua. Tangu mwaka wa pili nilijua."

Baadaye sana, katika maongezi mengine, aliniambia kitu kingine kidogo. Alisema aliogopa kwamba akifika, dada atamwuliza kwa nini mtumbwi haukungoja. Na yeye alikuwa mtoto juu ya mapaja, asingeweza kuuzuia, lakini hakuwa na jibu lingine. Hilo ndilo lililomzuia kwenda. Sote tulidhani ni risasi.

Siku ile hakukuwa na nafasi ya maongezi. Alinyanyuka akafungua kabureta, na gundi ilikuwa imeanza kushika ndani, akaisugua kwa shati lake. Mikono ilitulia, kama ilivyokuwa ikitulia penye kazi. Akamwaga mchangani ile petroli ya safari yote. Halafu akaenda kwenye pipa lake mwenyewe, akanyonya mpira, akajaza dumu kwa ile isiyo na risasi, ile ya uji bila chumvi, akaichanganya na oili, akatia. Akavuta. Mara ya pili ikakamata. Haikugonga, haikulia, ilikwenda kama haijawahi kula kitu kingine.

Nikaruka ndani, maana mzee peke yake na mikono ile hawezi kufika. Tulipita milima ya Gombe jua bado halijafika utosini. Njia nzima aliishika mashine na kutazama mbele.

Kagunga sitaisimulia. Nimeiona, inatosha. Tulimkuta amelazwa juu ya kitenge kimoja nilichokitambua, nilikileta mimi. Alikuwa amekauka midomo lakini macho makali. Mpimaji akapiga magoti mchangani.

Mama akamtazama mikono. "Inakutetemeka hivyo tangu lini?"

"Ni ya kazi, dada."

"Haya. Musaza wanje, ndugu yangu, nibebe. Mimi nilikubeba."

Akambeba. Mzee kumbeba mzee, mmoja anatetemeka, mwingine amekwisha, na mimi nyuma nimeshika kitenge. Manesi wa pale walikuwa wamempa maji ya chumvi na sukari, wakatupa mengine ya njiani. Tukageuza. Mama alilala kichwa juu ya lile dumu, na mimi nikawa namnywesha kidogo kidogo kama walivyotuagiza. Tulipopinda mlango wa ghuba, mabati ya Kigoma yakaanza kumeta, akainua shingo.

"Ndiyo hapo unapokaa?"

"Ego."

Akatazama nyuma tulikotoka, akatazama mbele. Jua lilikuwa halijazama.

"Ni hapa tu?" akasema.

Mpimaji aliegemea mkono wa mashine, akaongeza mwendo, ingawa tulikuwa tumeshafika.

Mama alipona. Hakukaa sana katika kambi ya wakimbizi walikompeleka, wazee wengine wenye ndugu mjini walimezwa na mji, naye akamezwa na chumba kile cha Gungu. Wakagombana kila siku, kwa furaha kubwa. Alimtupia kanga ya mashine dirishani, akasema hawezi kulala na kitu kimevikwa kama maiti. Mapipa yakauzwa. Siku hizi kuna vituo vya pampu, unaonyeshwa tarakimu kwenye kioo, hakuna anayenyonya. Mimi pia niliacha unahodha, mgongo ukakataa, nikawa nashuka Katonga kwa mazoea tu, kununua kitoweo na kusikia matusi ya mama wa dagaa, ambaye sasa hana meno ila mdomo ni ule ule.

Mara ya mwisho kumwona Mpimaji ilikuwa hapo hapo mwaloni, asubuhi, hakuna jambo lolote la maana siku hiyo. Nikaona mtumbwi wa mama wa dagaa uko majini, mashine ya zamani imefungwa nyuma, na ndani yake, nikasema lahaula, godoro. Dada ameketi juu ya godoro, mwavuli mkononi, anaonekana kama malkia anayesubirishwa.

"Shikamoo, mama. Mnahama?"

"Marahaba. Nakwenda kuliona shamba langu kabla sijafa. Huyu ananipeleka. Nimemwambia jana, nikamwambia ni kesho."

"Na kule kumetulia?"

"Nani amesema kumetulia? Wewe unangoja kutulia?"

Mpimaji alikuwa mchangani na dumu. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa mibaya, kofia imemfika masikioni. Akanipungia nimsogelee, akafungua kifuniko, akaniinulia dumu mpaka usoni.

"Nimenunua asubuhi hii kwenye pampu," akasema. "Kijana aliyenijazia hajui hata kinachotoka. Ninusie."

Nikanusa. Ilikuwa petroli tu. Petroli ya siku ile, haina rangi ya kusifia, haina risasi, haina hadithi. Kali, ya kukwaruza koo.

"Inafaa, Mzee," nikamwambia.

Akadondosha tone mgongoni mwa kiganja, akalipuliza, akangoja. Kisha akaingia majini na viatu vyake, nami nikausukuma mtumbwi, na dada yake akafunga mwavuli akampiga nao begani.

"Vuta, wewe! Jua linatupita."

Akavuta.